Baiskeli Iliyolala kwa Wanyonyi

Kwa miaka sita Elisha Oduor alilala chumba kimoja na baiskeli yake, na hakuna aliyemcheka, kwa kuwa mtaa mzima wa Nyalenda, mjini Kisumu, ulilala hivyo. Mwenye baiskeli na akili timamu haiachi nje ikahesabu nyota. Kila jioni Oduor aliifuta matope kwa kipande cha gunia, akainyanyua juu ya kizingiti na kuiegemeza chini ya kalenda ya kanisa, karibu na kabati la vyombo. Mkewe, Lornah, alikuwa amefuma kitambaa cheupe cha kufunika tandiko lake, sawa na vile alivyofunikia viti vya wageni. Binti yao Beldina alipokuwa mchanga na kulia usiku, babake alinyoosha mkono nje ya pazia la kitanda, akalizungusha gurudumu la nyuma taratibu, tiki, tiki, tiki, mpaka mtoto akasinzia.

Oduor alikuwa dresa, mtu wa kusafisha vidonda na kuchoma sindano, katika kituo kimoja cha afya kwenye uwanda wa Kano, mbali na barabara ya lami. Watu wa huko walimwita Daktari, naye alishachoka kuwasahihisha. Alikuwa mwembamba, mpole, mtu wa kufikiri jambo mara tatu kabla ya kulisema, na mara nyingi hatimaye asiliseme. Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya chanjo. Alifunga sanduku la barafu kwenye kerieri, akapita kwenye matuta ya mashamba ya mpunga, vijiji ambavyo gari halifiki, akiwakuta akina mama wamekaa nyasini na watoto wao mapajani wakimngoja. Kazi hiyo alipewa yeye kwa sababu moja tu: alikuwa na magurudumu. Kwa miguu, barafu ingeyeyuka njiani, na dawa iliyopata joto ni maji tu.

Aliyemwingiza katika mambo ya bima alikuwa Mama Wakhisi, ajenti kutoka upande wa Bungoma, mwanamke mnene mwenye mkoba mkubwa na sauti ya mwalimu wa kwaya. Alimfuata mpaka kituoni.

"Daktari," alimwambia, "wewe unachoma watu sindano kabla hawajaugua. Mimi pia kazi yangu ni hiyo hiyo."

"Bima ni ya matajiri wa Milimani, Mama."

"Watu wa Milimani wana mbwa na askari. Wewe una nini?"

Oduor alicheka, akakubali kuandikishwa. Lakini wakubwa wa kampuni nao hawakutaka kusikia habari za baiskeli kuukuu. Mpya, sawa. Hii iliyopita mikononi mwa watu watatu, yenye kerieri iliyochomelewa na rangi iliyopakwa kwa brashi, nani angeisemea? Ndipo Mama Wakhisi alipokuja Nyalenda kuiona kwa macho yake. Alisimama katikati ya chumba, akaikuta imeegemea kabati na kitambaa chake cheupe juu, akacheka mpaka akatoa leso.

"Hii si baiskeli," alisema. "Hii ni kabati lenye magurudumu."

Basi ikaingia katika bima ya vyombo vya nyumbani, pamoja na redio, magodoro na cherehani ya Lornah. Mama Wakhisi aliwabishia wakubwa wake siku nyingi juu ya hilo, na baada ya Oduor akaandikisha wengine wenye baiskeli kuukuu, walimu na makarani na muuza vitenge mmoja. Sharti lilikuwa moja, na alilisema mara mbili akiwa ameinua kidole: usiku baiskeli ilale ndani, nyuma ya mlango wenye kufuli.

"Ilale wapi kwingine?" Oduor aliuliza, kwa mshangao wa kweli.

*

Mwaka wa themanini na saba, mvua za masika zilipoanza, mama yake Lornah aliletwa kutoka Sondu kupasuliwa mtoto wa jicho katika ile hospitali kubwa ambayo watu wa Kisumu waliita Russia. Jina lake lilikuwa Agneta, mjane mrefu, muuza vyungu, aliyetembea wima kama amebeba mtungi hata asipobeba kitu. Siku aliyoruhusiwa kutoka ilikuwa siku ya mvua kubwa. Lornah alipomfikisha Nyalenda jioni, jicho la kulia likiwa limefungwa bendeji, habari ilikuwa imeenea kwamba barabara ya Sondu imekatika na hakuna gari litakalotoka mpaka asubuhi.

Sasa, kwa Wajaluo mama mkwe hulala popote ila nyumbani kwa mume wa binti yake. Hata kama ni mgonjwa, hata kama ni usiku wa simba. Atakula hapo, atampakata mjukuu hapo, lakini giza likiingia atafutiwa pengine. Siku zote Agneta alilala kwa jirani yao Metrine, mwanamke wa Vihiga. Ila wiki hiyo Metrine alikuwa amekwenda kwao kumzika mjomba wake, akaondoka na ufunguo. Jirani wa pili, Wanyonyi muuza makaa, alikuwa kapera mwenye chumba kisichotosha mtu kujigeuza, na mama mzima halazwi kwa kapera.

Agneta alikuwa amesimama chini ya upenu, mgongo ameupa mlango.

"Nitakaa hapa kwenye kuni mpaka kukuche," alimwambia binti yake.

Oduor alikuwa ndani, nyuma ya pazia, kama ilivyompasa mkwe. Matone yalikuwa yakiruka kutoka ardhini na kurushia kuni matope. Alikuwa ameona macho mengi katika kazi yake. Alijua jicho lililopasuliwa likiingia maji ya paa huwa nini siku ya tatu, na huwa nini siku ya saba.

"Mwambie Mama," alimwambia Lornah kwa sauti ya chini, "jicho hilo likilowa, safari hii ya hospitali itakuwa bure. Litaoza."

Lornah hakuwa na haja ya kumwambia. Kuta zilikuwa za mabati.

"Mwambie nimesikia," Agneta alijibu kutoka nje. "Lakini jicho ni langu. Jina ni la ukoo."

Mvua iliongezeka. Mtoto alianza kulia akimtaka bibi yake. Kisha yule mama akauliza, polepole, kama anayeuliza njia:

"Lornah, hii nyumba ni ya nani?"

"Ya baba Beldina, Mama."

"Akitoka na vyake vyote?"

Lornah alimtazama mumewe.

"Itabaki ya binti yangu," Agneta alijijibu. "Na mama hulala kwa binti yake. Lakini nasema vyote. Nikiingia nisikute hata kofia."

Basi Oduor akaanza kuhama nyumba yake mwenyewe. Alitoa kigoda chake cha miguu mitatu. Alitoa koti la kazini, viatu, wembe, kikombe chake cha chai, fimbo aliyoachiwa na babake, hata picha yake ya siku ya harusi Lornah aliikata katikati kwa mkasi ili nusu moja ibaki ukutani. Wanyonyi alisimama kwenye mvua akiwa amejifunika gunia, akipokea vitu kimoja kimoja bila kuuliza. Yeye alikuwa Mbukusu, na kwao pia mkwe si mtu wa kuchezewa.

"Na baiskeli?" Lornah aliuliza hatimaye. "Hiyo ni chombo cha nyumba. Hata bima inasema hivyo."

"Nani anaiendesha?" Sauti ilitoka nje.

"Baba Beldina."

"Basi hiyo ni miguu yake. Itoke nayo."

Chumba cha Wanyonyi, alikolala Oduor usiku huo, kilikuwa kimeshajaa. Baiskeli ikaingizwa katika banda lake la makaa, banda zuri la mabati lenye komeo na kufuli, ikaegemezwa kwenye magunia. Oduor alirudi kuifunika na kitambaa chake cheupe. Halafu akaona makaa yatakichafua, akakikunja akakitia mfukoni.

Asubuhi kufuli lilikuwa limelala kwenye tope, limepasuka. Magunia ya makaa yalikuwepo yote. Alama ya magurudumu ilikwenda mpaka barabarani, ikachanganyika na alama nyingine, ikaisha.

"Makaa hawakugusa hata moja," Wanyonyi alisema akiwa amechuchumaa mlangoni. "Hata mwizi siku hizi anachagua."

*

Agneta alikuwa ameshaondoka na gari la kwanza, bila kujua. Lornah alimkuta mumewe amesimama mbele ya banda na kitambaa cheupe mkononi. Alielewa yote mara moja, na neno lake la kwanza halikuwa la baiskeli.

"Usiseme Mama alilala hapa."

"Mama Beldina, watauliza ililala wapi."

"Waambie ndani. Inalala ndani miaka yote hii. Wewe hujui watu wa kwetu? Wakisikia, Beldina akikohoa tu watasema ni chira, laana ya kuvunja mwiko. Mama akifa miaka ishirini ijayo watasema ni ule usiku wa Kisumu. Atakaa vipi na wake wenzake? Atauza vyungu vyake kwa nani?"

Oduor alifikiri mara tatu. Kisha akaenda polisi, na askari alipouliza baiskeli iliibwa wapi, akasema nyumbani kwangu. Kutoka hapo alikwenda ofisini kwa Mama Wakhisi, orofa ya pili, mjini.

"Pole sana, Daktari. Ililala wapi?"

"Ndani."

"Kama kawaida?"

"Kama kawaida."

"Basi hatuna taabu," alisema Mama Wakhisi, akamtolea kiti, akaagiza chai. Oduor aliinywa bila kuinua macho kutoka kwenye kikombe.

Alianza kwenda kazini kwa miguu kutoka barabara ya lami. Alifika amelowa mpaka kiunoni, na wagonjwa walikuwa wameshapanga foleni. Mkuu wa kituo hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na wakubwa wake.

"Bwana Oduor, vijiji vya mpunga havijapata chanjo tangu mwezi uliopita, na nimesikia kuna surua upande wa mtoni. Nakungoja mpaka mwisho wa mwezi huu. Baada ya hapo nitampa kazi mwingine mwenye baiskeli, wewe urudi kwenye bendeji."

Jioni hiyo Oduor alipita kwa Mama Wakhisi kuuliza. Akamkuta mchangamfu.

"Kampuni inamtuma mkaguzi, Bwana Oketch wa Milimani. Ana macho kama mwewe, lakini mtu mwenye haki hana la kuogopa. Atautazama tu mlango uliovunjwa."

"Mlango," Oduor alisema.

"Si ulivunjwa?"

Alisema neno fulani la kukubali, hata mwenyewe hakulisikia vizuri, akashuka ngazi.

Mchana wa kuja mkaguzi aliomba ruhusa kazini, akasimama mbele ya nyumba yake na nyundo. Kufuli lake lilikuwa zima, linang'aa kwa kushikwashikwa. Lornah alisimama kando akiwa amembeba mtoto, hasemi piga, hasemi usipige. Oduor aliinua nyundo. Alikuwa hajawahi kuvunja kitu cha mtu, sembuse chake. Alipiga mara moja, nyundo ikateleza, ikachubua ubao.

"Daktari." Ilikuwa sauti ya Wanyonyi, akipita na gunia begani. "Unavunja kufuli mlango uko wazi. Hiyo hata mtoto wako atacheka."

Oduor aliketi kizingitini, nyundo katikati ya magoti. Alikuwa bado amekaa hivyo alipoona viatu vyeusi vya ngozi vikikwepa madimbwi, na nyuma yake mkoba mkubwa wa Mama Wakhisi.

*

Bwana Oketch alikuwa mzee mtulivu mwenye miwani, aliyesalimu kila mtu kwa mkono, hata mtoto. Gari alikuwa ameliacha juu barabarani kwa ajili ya tope. Alitazama mlango kwa muda mrefu. Akapitisha kidole kwenye bawaba, akalifunga kufuli na kulifungua, akaugusa ule mchubuko mpya wa nyundo, akamtazama Oduor, kisha ile nyundo. Aliingia ndani akapima dirisha kwa viganja.

"Mlango mzima," alisema alipotoka. "Dirisha halipitishi hata gurudumu moja. Baiskeli ilitokaje, Bwana Oduor? Chini ya mlango kama panya?"

Oduor alifungua kinywa. Lornah, nyuma ya mkaguzi, alitikisa kichwa kidogo sana.

"Sijui, mzee."

"Usiku ule ndani mlilala nani na nani?"

"Watu wa nyumbani."

"Nani?"

Oduor aliitazama nyundo. Mama Wakhisi alianza kumtazama Oduor kama mtu anayemtazama mgonjwa ambaye hali yake imebadilika ghafla. Bwana Oketch alijigeuza kuutazama uwanja wote, polepole, na macho yake yakatua kwenye banda la makaa. Ubao wa komeo ulikuwa mweupe, mpya, katika banda lililokuwa jeusi lote.

"Banda ni la nani?"

"Langu," Wanyonyi alisema.

"Komeo ni jipya."

"La zamani lilivunjwa."

"Lini?"

Wanyonyi alimtazama Oduor, kisha akatazama chini. "Siku hizi hizi."

"Usiku gani?"

"Usiku ni usiku, mzee. Sisi wauza makaa yote tunaiona nyeusi."

"Mwizi alivunja banda la makaa, akaacha makaa?"

"Labda kwake wanapikia gesi."

Bwana Oketch alivua miwani akaifuta kwa leso, na alipoirudisha machoni sauti yake ilikuwa ya upole uleule, ndiyo maana iliogopesha.

"Nitawaambia nitakachoandika. Hakuna aliyevunja nyumba hii. Baiskeli ilitolewa kwa ufunguo, ikafichwa kwa jirani, ikauzwa. Kampuni haitalipa. Kesho nitaipeleka ripoti polisi, waje wamwulize huyu bwana wa makaa, kwa maana naona anajua kitu na hasemi. Na wewe, Mama Wakhisi, ulituambia wenye baiskeli kuukuu ni watu wa kuaminika. Hao wengine wote nao tutawafuta."

Mama Wakhisi alikaza mkono kwenye kishikio cha mkoba wake.

Oduor alimtazama Wanyonyi. Alikuwa akisugua viganja vyake taratibu, viganja ambavyo havijawahi kutakata tangu amfahamu, na midomo ameifunga. Angeweza kusema. Neno moja tu, baiskeli niliombwa niilaze, na angekuwa huru. Alikuwa amepokea vitu vile mvuani kimoja kimoja, na sasa alikuwa tayari kupokea na polisi, kwa ajili ya heshima ya mama ambaye hata hakuwa wa kabila lake.

Oduor alisimama.

"Mzee," alisema kwa Kijaluo, kisha akaona haya kwa ajili ya Mama Wakhisi na Wanyonyi, akarudi kwenye Kiswahili ili wote wasikie. "Mimi nilidanganya. Usiku ule nyumba hii haikuwa yangu."

"Ilikuwa ya nani?"

"Ilikuwa ya mke wangu."

Bwana Oketch aliacha kuandika. Aliitazama nyumba ya chumba kimoja. Aliutazama ukuta kupitia mlango wazi, mahali ambapo nusu ya picha ya harusi ilikuwa bado haijarudishwa kwa mwenzake. Uso wake ulibadilika polepole, kama maji yanapotulia.

"Mgeni alitoka upande gani?" aliuliza, kwa sauti ndogo.

"Upande wa Sondu."

"Mgonjwa?"

"Jicho. Walikuwa wamelipasua. Na mvua ilikuwa ile unayoijua."

"Ulitoa nini na nini?"

"Kigoda. Koti. Viatu. Fimbo ya baba." Oduor alihesabu kwa vidole. "Kila kitu cha mwanamume. Na baiskeli, kwa sababu ni miguu yangu. Huyu Wanyonyi aliipokea, akaifungia. Hana kosa lolote duniani."

Wanyonyi aliingia chumbani kwake bila kuagizwa, akarudi na kufuli lake la zamani lililopasuka, akalikabidhi. Bwana Oketch alilifunga katika gazeti kwa uangalifu, kama mtu anayefunga dawa. Kisha akaomba kiti, na Oduor akamletea kigoda kile kile.

"Kwangu Milimani," mkaguzi alisema baada ya kukaa, "nyuma ya jiko kuna nyumba ya mfanyakazi. Mama mkwe akija, mfanyakazi anahama, mama analala huko, na sote tunajiona watu wa heshima. Sijawahi kujiuliza mtu wa chumba kimoja hufanyaje."

"Daktari," Mama Wakhisi alisema, na sauti ya kwaya ilikuwa imemtoka, "nilikuuliza mara mbili."

"Ndiyo, Mama."

"Chombo cha nyumba kikihamia nyumba nyingine kwa siku chache, kikafungiwa, kikaibwa kwa kuvunja, bima yetu inakitambua. Ungesema siku ile ya kwanza ningeandika bila kukunja uso. Sasa kuna uongo mezani, na wakubwa wangu wanaupenda uongo wa mteja kuliko mteja mwenyewe, kwa sababu unawapa njia ya kutolipa."

"Nitakwenda polisi kurekebisha nilichosema."

"Nenda leo," Bwana Oketch alisema. "Mimi nitaandika kwamba mama wa mke alilazwa, jina sitaandika. Lakini siahidi kitu. Uamuzi si wangu."

Walipoondoka, Lornah alikuwa ameshaingia ndani. Oduor alisikia pazia likivutwa.

*

Polisi walimweka kwenye benchi mpaka jua likageuka, wakamkemea, wakaandika upya. Karani aliyeandika alikuwa kijana mnene mwenye kusikiliza kwa makini kupita kiasi. Mwishoni aliinua kichwa akauliza, kwa Kijaluo, huyo mama ni wa Sondu sehemu gani. Oduor alijua hapo hapo kwamba habari itafika kabla ya barabara kutengenezwa.

Nyumbani Lornah alimpikia, akamwekea maji ya kuoga, na usiku akageukia ukuta. Mtoto alipata mafua ya kawaida, mafua ya masika, na Oduor, aliyewapa watoto wa watu dawa ya mafua kila siku, alijikuta amekaa kitandani akihesabu pumzi zake. Siku za mwezi zilikwisha moja moja na kampuni haikutoa neno. Mkuu wa kituo aliacha hata kumwuliza. Alianza kumfundisha mtu mwingine namna ya kupanga barafu.

Lornah hakuweza kungoja zaidi. Alimfunga mtoto mgongoni akaenda Sondu kusikia kwa masikio yake lililompata mama yake. Oduor alikaa siku mbili kizingitini kila jioni. Wanyonyi alimletea chai katika kikombe chenye vumbi la makaa, akaketi naye, wakatazama barabara.

Aliporudi, Lornah hakuingia ndani. Alimshusha mtoto, akakaa juu ya kuni, pale pale mama yake aliposimama.

"Walimwita," alisema. "Shemeji zake, na wake wenzake, na watu wa kanisa. Siku ya soko, mbele ya vyungu vyake. Wakamwambia, Agneta, tumesikia ulilala kwa mkweo."

Oduor alimsogelea, akachuchumaa.

"Mama akawaambia, mimi nililala kwa binti yangu. Wakasema, nyumba ni ya mwanamume. Akasema, nendeni mkaulize polisi, imeandikwa huko. Mwanamume alitoa kiti chake, akatoa fimbo ya babake. Akatoa hata baiskeli ikaibwa, ili mimi nisilale kwake. Ni nani kati yenu mkwe wake amepoteza baiskeli kwa ajili ya jina lake?"

"Wakasemaje?"

"Wakanunua vyungu," Lornah alisema. Na kwa mara ya kwanza tangu mvua ile alimtazama usoni. Kisha akainama akajifuta macho kwa pindo la leso. "Ulipaswa kuniuliza kwanza."

"Ungekataa."

"Ningekataa," alikubali.

Kampuni ilijibu mvua zikiwa zinaisha. Kwa sababu ya uongo wa kwanza hawakulipa yote. Mama Wakhisi alileta habari mwenyewe, akiwa amekaza uso, lakini hakuna mwenye baiskeli kuukuu aliyefutwa, na kabla ya kuondoka alipita kwa Wanyonyi akamwuliza kama makaa nayo ni chombo cha nyumba. Oduor aliongeza kidogo chake akanunua baiskeli ya karani mmoja wa Muhoroni, ya kijani, iliyokuwa na kengele yenye sauti kali na breki za kubembeleza. Yule mtu aliyefundishwa kupanga barafu alishatembea na sanduku kwa majuma mawili, akaanguka nalo mara mbili kwenye matuta, akalirudisha kwa furaha. Upande wa mtoni surua ilikuwa imeshapita nyumba kadhaa. Oduor aliwachanja waliobaki, na kuhusu wale ambao hakuwakuta tena hakusema kitu nyumbani.

Agneta alirudi Kisumu kwa jicho la pili wakati wa kiangazi. Barabara ilikuwa nzima na Metrine alikuwepo, ameshamtandikia. Jioni, baada ya kula, yule mama alisimama nje akiwa ameupa mlango mgongo, bendeji safari hii upande wa kushoto. Oduor alikuwa nyuma ya pazia, na kiganja chake alikuwa amekiweka juu ya kengele ya baiskeli ili isije ikalia kwa bahati mbaya.

"Lornah," Agneta aliuliza, "hiyo ya kijani inalala wapi?"

"Ndani, Mama. Chini ya kalenda."

"Mwambie mwenyewe asiisogeze." Akaokota fimbo yake. "Leo nahama mimi."

Wakamsikia akivuka uwanja kuelekea kwa Metrine, hatua zake ndefu, wima, akimwambia Wanyonyi aondoe gunia lake njiani kwa maana sasa analiona.